Hodi Kwenye Mahame

Kuna njia mbili za kutoka Handeni kwenda Korogwe, na mjomba wangu aliikubali moja tu.

Ya kwanza ni barabara. Wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, lakini basi lilipita, na mtu aliyepanda asubuhi aliweza kula chakula cha mchana Korogwe kama abiria hawakushushwa kusukuma. Ya pili ni njia ya miguu. Inaanzia nyuma ya mashamba ya mahindi ya kijijini kwetu, inashuka mabondeni, inakata pori la miiba, inazunguka vilima ambavyo haina sababu ya kuvizunguka, kisha inatokea kwenye mto Ruvu, huu ambao ramani inauita Pangani, mahali ambapo hakuna daraja. Mtembeaji wa kawaida huimaliza kwa siku mbili. Mjomba wangu hakuwa mtembeaji wa kawaida.

Nieleze kwanza kwa nini njia hiyo inapinda hivyo, maana nilipoelewa hilo hasira zangu zilipungua kidogo, ingawa hazikuisha. Njia hiyo haikuchongwa na watu wenye haraka ya kufika. Zamani Wazigua wengi walikaa mbalimbali, kila mtu na nyumba yake katikati ya shamba lake, na jirani alikuwa ng'ambo ya bonde. Msafiri alitoka nyumba hii akaenda nyumba ile, akabisha hodi, akapewa maji, akatoa habari za alikotoka, akaendelea. Miguu ya watu wa namna hiyo ndiyo iliyoichora njia. Ukiitazama bila kujua utadhani ilipitwa na mlevi. Ukijua nyumba zilikuwa wapi, utaona haina kosa hata moja. Ndiyo maana maelekezo yake yalitaja watu: nenda mpaka kwa mfinyanzi, toka hapo ushuke bonde, panda mpaka kwa mrina asali, uache mpera mkono wa kushoto, na kadhalika mpaka kwa mvushaji wa mtoni.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Tulihamishiwa kandokando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mstari, tukapata shule, bomba la maji na zahanati. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nikiwafundisha wakulima kusoma na kuandika kila alasiri, na nilikiamini kijiji. Bado nasema zahanati ile iliokoa watoto. Lakini kule porini zilibaki nyumba zilizoachwa, nasi tukayaita mahame: kuta za udongo bila paa, jiwe la kusagia, mchungwa unaozaa bila mchumaji. Na njia ya miguu ikabaki ikizunguka kutoka hame hadi hame, kama mtu anayetembeza barua kwenye nyumba tupu.

Mwaka ambao mdogo wangu aliolewa, njia hiyo ilikuwa imeachwa kwa misimu kadhaa. Mchumba wake alikuwa fundi wa reli pale Korogwe, Msambaa, kijana mpole mwenye mikono myeusi ya grisi isiyotoka. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba wa upande wao. Sasa kijana alikuwa amepewa uhamisho wa Tabora, na treni yake ilikuwa Jumamosi. Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya swala. Ikifungwa, wangeondoka pamoja. Isipofungwa, angekwenda peke yake, na sisi tungebaki kungoja likizo yake mwaka unaofuata, tukijiambia kwamba mwanamume aliyekwenda Tabora peke yake hubaki peke yake mwaka mzima. Mdogo wangu hakuwa mjinga. Alikwenda Korogwe na mama wiki moja kabla, akiwa amekonda.

Baba yetu alikwisha fariki. Baba mdogo ndiye angekuwa walii. Lakini kwetu neno la mwisho ni la mjomba, ndugu wa mama. Na katika ukoo wetu kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta mahali pengine: kabla shehe hajaitwa, mjomba humkalisha bwana harusi chini akamtajia njia. Humwambia hivi: siku ukimchoka mwanangu, usimpige, usimfukuze usiku, mrudishe. Na njia ya kumrudisha ni hii. Halafu huitaja, kutoka mlango wa bwana harusi hadi mlango wa nyumbani, nyumba kwa nyumba. Na ilikuwa lazima mjomba mwenyewe awe ameipita kwa miguu yake katika safari hiyohiyo.

Mama aliniachia mimi, binti yake mkubwa, maneno machache. "Mlete mjomba wako. Mlete kabla ya Ijumaa. Mengine sikuulizi."

Nilikwenda kwa mjomba nikiwa nimejiandaa, kama ninavyojiandaa na somo gumu.

"Mjomba, shikamoo. Naona tupande basi Alhamisi."

"Marahaba. Nikipanda basi, nitamwambia nini yule kijana? Akimchoka ampandishe basi?"

"Ndiyo. Atashuka barabarani, nitampokea mwenyewe."

"Na siku hiyo dizeli ikiwa hakuna?"

Miaka ile dizeli ilikuwa haipo mara nyingi kuliko ilivyokuwepo, kwa hiyo nilijaribu upande mwingine.

"Basi tutembee kwa barabara. Ni njia vilevile."

"Barabara haina watu."

"Mjomba, watu wote wamehamia barabarani."

"Wamehamia. Lakini hawajawahi kunipa maji," akasema, akaenda kutafuta fimbo yake.

Tuliondoka Jumatano kabla jua halijapata nguvu. Nilibeba kanzu yake safi, khanga za mdogo wangu, viazi vya kuchemsha na muhogo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: tulale kijiji cha katikati, Alhamisi jioni tuwe Korogwe, Ijumaa asubuhi mjomba aoge kwa utulivu. Nilikuwa nawafundisha watu wazima wanaoishika penseli kama mpini wa jembe. Nilidhani ninajua maana ya subira.

Tulifika kwa mfinyanzi mapema. Paa halikuwepo, maana mabati na miti mizuri ilikuwa imehamishwa kijijini pamoja na mwenyewe. Majani yalikuwa yamefika magotini ndani ya kilichokuwa chumba cha kulala. Mjomba alisimama mbele ya tundu la mlango, akakohoa, akagonga fimbo chini.

"Hodi."

Ndege mmoja aliruka.

"Hodi hapa."

"Mjomba," nikamwambia kwa upole, "hakuna mtu."

"Naona."

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri." Akakaa kwenye kizingiti.

Nilidhani anapumzika. Baada ya muda nikagundua kwamba hapumziki, bali anasubiri kweli, kama mtu aliye kwenye foleni. Nikamuuliza anamsubiri nani.

"Mwenye nyumba. Nyumba isiyoitika siwezi kumtajia mtu. Nitakuwa nimemdanganya kijana wa watu, tena nimemdanganya mbele ya shehe."

"Basi usiitaje. Iruke."

"Nikiiruka hii, kutoka shambani kwetu mpaka ng'ambo ya bonde mtoto atapita wapi? Hewani?"

"Atapita palepale. Njia si ipo?"

"Njia ipo. Maji atapewa na nani?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa balaa lililonipata. Njia nzima ilikuwa mahame, na mjomba alikusudia kubisha hodi kila moja mpaka liitike. Nilimweleza habari ya treni. Nilimweleza Tabora ni mbali kiasi gani. Nilichora mstari mchangani, huku Handeni, huku Korogwe, hapa sisi, nikamwonyesha jinsi mahali tulipo palivyo karibu na tulikotoka. Aliutazama mchoro kwa heshima.

"Umechora vizuri, Mwalimu," akasema. "Lakini umeunyoosha mno."

Jua lilikuwa limeshavuka kichwani mfinyanzi mwenyewe alipotokea na jembe begani. Alikuwa bibi mfupi, mwenye kucha zilizojaa udongo mwekundu. Alikuja kuchimba muhogo, kama walivyofanya wengi: walilala kijijini na chakula chao kikabaki ardhini kwenye mahame. Hakushangaa hata kidogo kutukuta. Mjomba alisimama akaanza upya kabisa.

"Hodi."

"Karibuni. Karibuni ndani," akasema bibi, akatuongoza kwenye majani.

Alikuwa ameacha chungu kimoja kikubwa kisichobebeka, kilichojaa maji ya mvua. Alituchotea. Mjomba akatoa habari zote za nyumbani, kuanzia mvua mpaka harusi, na bibi akatoa zake. Kijijini nyumba yake inatazamana na mgongo wa nyumba ya mtu. Udongo wa kule haushiki, vyungu vinapasuka motoni. Bwana shamba amemwambia ajiunge na kikundi cha bustani, naye amejiunga, anamwagilia kabichi asizozila.

"Msichana akirudi na machozi," akasema tulipokuwa tunaaga, "mwambie abishe kwa nguvu. Siku nyingi niko kule chini kwenye udongo, na masikio yangu si mazuri."

"Abishe kwa nguvu," mjomba alirudia, akalihifadhi neno hilo kama mtu anayefunga fundo kwenye pembe ya shuka. Nilimwona ameridhika sana. Mimi niliangalia vivuli vyetu, vilivyokuwa vimeanza kulala upande wa mashariki.

Usiku tulilala kwa ndugu zetu kijiji cha karibu na barabara, si kile nilichokuwa nimekusudia. Nitanyamazia usiku huo. Nilichokuwa nacho moyoni hakikuwa usingizi.

Alhamisi tulifika kwa mrina asali. Pale palikuwa pabaya zaidi. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka, na nyuma mtu alikuwa amezungushia miiba. Mjomba alibisha. Tukasubiri. Akabisha tena. Nilimwambia kwamba mrina asali alihamishiwa kijiji cha mbali na huenda hatakuja mpaka msimu wa kurina. Akasema basi tutaona.

Nikachoka. Nilimwambia ninakwenda kujisaidia, nikazunguka nyuma ya ukuta uliobaki, na alipobisha tena nikabana pua, nikaitika kwa sauti nene: "Karibu."

Fimbo ikagonga chini mara moja.

"Karibu ya mwenye nyumba hii," mjomba akasema kutoka upande wa pili, "haikuwa na haraka hivyo."

Nilirudi nikakaa karibu naye. Alinimegea kiazi. Nilikula kiazi kile nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani: kwa mjomba, kwa mrina asali, kwa waliopanga vijiji, au kwa reli ya Tabora. Kila nilipomfikiria mdogo wangu ndani ya chumba cha watu, amepakwa hina na hajui tuko wapi, nilitazama jua lilipofika.

Jua lilipoanza kuinama tulisikia kengele za ng'ombe. Kundi lilikuja polepole likaingia moja kwa moja kwenye ua ule wa miiba, na nyuma yake mfugaji, Mmasai wa makamo aliyechomeka filimbi ya plastiki mkandani. Mjomba hakupoteza nafasi.

"Hodi."

"Karibu," akasema mfugaji. "Lakini siku hizi mlango uko upande huu."

Mjomba alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akamgeukia mfugaji, maana kwake mambo hayakuwa yamekwisha.

"Hapa ni kwako?"

"Ng'ombe wangu wanalala hapa tangu vuli."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua. Akija kwenye mizinga yake nampa maziwa, naye ananipa asali. Ananipunja, lakini ananipa."

"Akija mwanamke hapa akabisha hodi, analia, utaitika?"

Mfugaji alifikiri. "Analia nini?"

"Amerudishwa na mumewe."

"Nitamuuliza kama amekula."

"Na mbwa?"

"Mbwa watambwekea kwanza. Hilo siwezi kuwazuia, ni kazi yao."

"Nitamwambia hivyo," akasema mjomba, na nikaelewa kwamba kuanzia saa ile njia yetu ya ukoo ilikuwa inapita kwa Mmasai. Nilimuuliza mjomba kama hilo linaruhusiwa. Akasema nyumba imeitika, yeye afanye nini. Nikamkumbusha kwamba kesho ni Ijumaa na keshokutwa ni treni.

"Treni ina reli yake," akasema. "Haiwezi kupotea."

Tulilala palepale, tukanywa maziwa. Ijumaa niliamka kabla ya ng'ombe, nikamtanguliza mjomba njiani kwa maneno na kwa kumbebea hadi fimbo. Tuliuacha mpera mkono wa kushoto, mpera uleule wa tangu utoto wetu, na mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaujua kila tawi, kwa sababu mama alikuwa akitupitisha pale kwenda sokoni Korogwe na hatukukubali kuupita bila kupanda. Nashukuru mjomba hakuubishia hodi.

Asubuhi ilikuwa bado mbichi tulipoona majani ya mtoni. Niliona mtumbwi upo. Niliona mvushaji yupo, amelala kivulini. Nikasema moyoni, sasa tumefika. Kisha nikaona mzee mmoja aliyevaa koti na kofia ya kushonwa kwa mkono, amekaa ukingoni juu ya kitu kirefu. Alikuwa amekalia upondo, ule mti mrefu wa kuusukumia mtumbwi.

"Nani huyo anataka kuvuka?" akauliza.

"Mwenye mto," akasema mjomba.

"Mzigua akionekana anavuka kwenda Korogwe ujue njaa imeingia Handeni. Mmekuja kuomba ndizi?"

"Nimemleta mpwa wangu mwalimu aje awafundishe kuoga. Nasikia huko milimani mnasimama kwenye ukungu, mnasema tayari."

Nilikaa chini. Kwa asiyejua, Wazigua na Wasambaa ni watani. Maana yake ni kwamba wanaweza kutukanana, kunyang'anyana na kuzuiana njia, na ni marufuku kukasirika. Ni desturi nzuri. Inaponya misiba na kuzima ugomvi mwingi, nami huwaeleza wanafunzi wangu uzuri wake. Lakini haina mwisho ambao mtu wa tatu anaweza kuuharakisha. Nilijaribu hata hivyo.

"Shikamoo, babu. Wewe ni wa upande wa bwana harusi?"

"Marahaba, mke wangu. Ni babu yake mdogo. Nimetumwa tangu alfajiri nije niwaharakishe, maana watu wamesubiri mpaka wamechoka."

Alisema hivyo bila kunyanyuka kwenye upondo.

"Basi tuharakishe, babu. Tuvuke."

"Siwezi kumharakisha Mzigua kabla hajakiri kwamba amechelewa."

"Sijachelewa," akasema mjomba, akakaa naye. "Nyinyi ndio mmewahi."

"Umesikia, mke wangu? Sasa mimi nitamvushaje mtu wa namna hii? Atazamisha mtumbwi kwa uongo."

"Mtumbwi wenyewe mnauogopa. Mmekuja mkishikana mikono."

Mvushaji alikuwa ameamka akicheka mpaka anafuta macho. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama ana upondo mwingine. Akasema anao, lakini hawezi kuingilia mambo ya wazee. Kivuli cha mti kilisogea kutoka majini kikaja ukingoni. Wazee wawili wakatukanana kuhusu ndizi, mamba, baridi, makopa ya muhogo, na bibi mmoja wa zamani ambaye kila mmoja alidai kwamba alimkimbia mwenzake. Sijawahi kuona watu wawili wenye furaha kiasi kile, na sijawahi kutamani kiasi kile kumtumbukiza mtu mtoni.

Mwishowe mjomba alitoa kopo lake la ugoro, akamgawia mwenzake nusu, na yule babu akanyanyuka akisema kwamba kwa sababu ya ugoro tu, na si kwa sababu nyingine. Tukavuka. Kutoka pale ni mwendo wa katikati ya mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka kama daftari, na kwa mara ya kwanza mjomba alitembea haraka. Hakukuwa na nyumba ya kubisha.

Tulifika Korogwe watu wameshatoka msikitini zamani. Nyumba ya reli ilikuwa na vyumba viwili. Wazee wa kiume walikaa barazani kwenye mikeka, na nyuso zao hazikuwa nzuri. Niliambiwa baadaye kwamba walikwisha kubaliana kututoza mbuzi wa kuchelewa. Mama alinitazama mara moja tu. Sitaueleza mtazamo ule.

Lakini yule babu alitangulia kuingia.

"Nimewakamata mtoni," akatangaza. "Nikawashikilia mpaka wakatoa ugoro."

Wazee wa Kisambaa wakatazamana. Mtu wao mwenyewe ndiye aliyetuchelewesha, na amekiri mbele ya watu akijisifu. Habari ya mbuzi ikaishia hapo. Mpaka leo sijui kama yule babu alifanya vile kwa akili au kwa kupenda kujisifu, na mjomba hakutaka kabisa niulize.

Mjomba akaoga, akavaa kanzu, akakaa mbele ya bwana harusi. Mdogo wangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia pamoja na wanawake, nami nikaenda kukaa naye. Alinishika mkono. Shehe alikuwa karibu na dirisha, anaangalia saa yake. Mjomba akaanza.

"Siku ukimchoka mwanangu, usimpige, usimfukuze. Mrudishe. Toka mlango huu upite mkongeni mpaka mtoni. Mvushaji yupo. Ukimkuta Msambaa amekalia upondo, mpe ugoro. Ukivuka, panda mpaka kwenye mpera..."

"Mjomba," akasema kijana mmoja wa upande wao, kwa nia njema kabisa, "siku hizi kuna basi."

Mjomba akakunja kanzu yake vizuri magotini.

"Nimekatizwa," akasema. "Tunaanza upya. Siku ukimchoka mwanangu..."

Nilisikia shehe akishusha pumzi. Alianza upya kweli, kutoka neno la kwanza. Ukipita mpera utafika kwa mrina asali, lakini sasa pale ni kwa Mmasai, mlango umehamia upande wa pili, mbwa watabweka, usiwajali, mtoto ataulizwa kama amekula. Ukishuka bonde utafika kwa mfinyanzi. Nyumba haina paa. Bisha kwa nguvu, mwenyewe yuko chini kwenye udongo na masikio yake si mazuri. Maji yapo kwenye chungu kikubwa. Na kutoka hapo unaona moshi wa kijiji chetu, utafika.

Alipomaliza, barazani hakukuwa na mtu anayeangalia saa.

"Sasa nirudishie," mjomba akamwambia bwana harusi.

Hilo sikulitegemea. Wala bwana harusi. Alikuwa hajawahi kukanyaga njia ile. Alianza vizuri, mkongeni, mtoni, ugoro. Watu wakacheka kidogo, akapata moyo.

"Halafu napanda mpaka kwenye mpera. Nauacha mkono wa kushoto, nafika..."

"Hapana," akasema mjomba.

"Mkono wa kulia?"

"Usikisie. Mtu harudishwi kwao kwa kukisia."

Kijana akatokwa na jasho. Alifuta uso kwa mkono wake wa grisi. "Mjomba, kama haijulikani nitauliza watu."

"Watu gani? Wamehama."

Nikahisi safari yote inamwagika pale mkekani. Shehe alikohoa. Ndipo mkono wa mdogo wangu ukanitoka.

"Ukitoka Handeni ndio kushoto," akasema kwa sauti kutoka nyuma ya pazia. "Ukitoka Korogwe ni mkono wa kulia. Na ule mpera una tawi lililovunjika upande wa njia, tulilivunja mimi na dada. Huwezi kupotea."

Wanawake wakamziba mdomo kwa khanga, maana bibi harusi hasemi. Barazani watu wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Lakini alikuwa hajamaliza. Alijitoa kwenye khanga.

"Mjomba, huyo Mmasai ni wa kweli?"

"Ni wa kweli," akajibu mjomba. "Ana filimbi."

"Haya," akasema mdogo wangu, na akatulia.

Mjomba akamwambia bwana harusi, "Basi. Njia anaijua yeye. Inatosha." Akamwashiria shehe aendelee.

Ndoa ikafungwa alasiri ile. Jumamosi tuliwasindikiza stesheni, na mdogo wangu alipanda na kikapu cha makopa kwa sababu alisikia Tabora hawajui kuyapika. Alituaga akicheka. Mimi ndiye niliyelia, na nilijiambia ni miguu.

Jumapili tulipumzika. Jumatatu nilifunga mzigo alfajiri, nikamwekea mjomba viazi, nikapaka mafuta malengelenge yangu, nikatoka tayari kwa mtoni, kwa Mmasai na kwa mfinyanzi. Mjomba hakuwepo. Nilimtafuta uani, nikamtafuta msikitini, nikamkuta stendi. Alikuwa ameshapanda basi la Handeni, amekaa dirishani, na kofia imeshuka machoni.

Nilipanda nikasimama juu yake.

"Mjomba. Na njia?"

Alifungua jicho moja, akanisogezea nafasi.

"Njia ya nini? Kwani mimi nimeolewa?"